Yaya, Mlima Wako Umebebwa

Yaya,

Leo mchana imenyesha mvua ya kwanza, na mimi nimefunga malewa yangu, kibanda changu cha chakula, kabla ya saa. Wateja wameondoka wakinung'unika kwa sababu maharage yalikuwa bado magumu. Wewe unayajua maharage ya Kolwezi. Nimewapa wali mtupu na mchuzi wa nyanya, nikawaambia warudi kesho, kisha nimekaa hapa mlangoni kukuandikia. Usinicheke, dada yangu mkubwa. Mengine nilikwambia kwa mdomo siku ile barabarani, lakini siku ile kulikuwa na watu, na mbele ya watu mimi husema nusu tu ya kilichomo moyoni.

Nianze na habari mbaya, maana wewe hukupenda kuzungushwa. Mlima wako haupo tena. Umebebwa wote, kuanzia upande wa shamba lako la mhogo mpaka upande wa kanisa. Mashine zilikuwa zinakula, malori yanapakia, na sisi tunaangalia. Sasa nikifungua dirisha la jikoni naona mbali kabisa, mpaka miti ya ng'ambo, pale ambapo tangu utoto wangu palikuwa na mgongo wa ardhi. Jua linaingia jikoni asubuhi na mapema. Jirani zangu wananiambia nishukuru, nyumba imepata mwanga. Mimi nimetundika kitenge dirishani.

Usishtuke, Yaya. Wewe hukuwemo. Tulikutoa kabla, na hilo ndilo ninalotaka kukueleza taratibu.

Fistoni, mwanao, aliniuliza mwaka huu kwa nini ulikuwa na wazimu wa mahali pa juu. Nilishangaa. Mwanamume mzima, mchimbaji aliyeshuka katika mashimo ya Kasulo, kule ambako watu walichimba kobalti chini ya vitanda vyao wenyewe, na wewe mama yake hukuwahi kumweleza! Ulimweleza dawa ya kikohozi, ulimweleza wanawake wa kuogopa, hili ukaliacha. Basi nikamweleza mimi, dada yako mdogo, ambaye nilikuwa mtoto mdogo tu mambo hayo yalipotokea.

Nilimwambia kwamba sisi tulizaliwa chini, kupita Bukama, kule Lualaba inakochoka kukimbia na kujilaza kwenye matete na maziwa. Kule hakuna mlima. Kitu kirefu kuliko vyote ni kichuguu, na mwenye akili hujenga karibu na kichuguu. Hata wafu huzikwa kando yake, ili maji yakija wawe na pa kuegemea. Mama yetu tulimzika kando ya kichuguu kikubwa kuliko vyote vya kijiji, na watu wakasema tumemheshimu. Kisha mto ukapanda ukakimeza kichuguu chenyewe. Maji yalipoondoka hapakuwa na msalaba, hapakuwa na kichuguu, palikuwa na tope tu, sawasawa kila upande.

Mimi nakumbuka kitu kimoja cha siku zile. Nakukumbuka wewe ndani ya tope mpaka magotini, unadunga ardhi kwa kasia, hapa, halafu pale, unainama unasikiliza. Wakubwa walikuambia uache. Hukuacha mpaka kasia likavunjika. Ndipo ukanijia, ukanifuta uso kwa mkono wenye tope ukanichafua zaidi, ukasema: "Mado, tunaenda fasi maji haifikake."

Tukapanda treni, kutafuta mahali ambapo maji hayafiki. Unakumbuka ilivyopanda kutoka Bukama, inalia na kupumzika, inalia na kupumzika? Lubudi ilisimama muda mrefu, wanawake wakaleta mhogo wa kuchoma madirishani, ukaninunulia kipande ili ninyamaze, maana masikio yalikuwa yameziba na mimi nilidhani ninakufa. Yalipofunguka ghafla nikapiga ukelele. Ukasema: "Usilie. Masikio imefungula mulango. Tumeingia mu juu." Nililiamini hilo kwa miaka mingi, kwamba nchi ya juu ina mlango na mlango wenyewe uko masikioni mwa mtu. Tenke tukabadilisha treni, baridi ikatuuma, ukavua kitenge chako ukanifunika. Tulishuka Kolwezi meno yako yanagongana na wewe unacheka. Tangu tope lile nilikuwa sijakuona ukicheka.

Kicheko hicho hakikudumu. Ulibandika maharage tuliyobeba kutoka chini, ukayangoja kama ulivyozoea kuyangoja, moto wa makala ukageuka majivu na maharage yakabaki mawe. Ukalia mbele ya sufuria. Jirani akasikia, akaja na kikapu cha makala, Tata Kasongo, bado mwenye nguvu wakati ule, dereva wa lori kubwa la mgodi, na kofia yake upande. Akakuambia kwamba huku juu maji huchemka upesi lakini hayana nguvu, maharage lazima yalale ndani ya maji tangu jana. "Karibu ku juu, mama," akasema, na akatucheka. Ulimchukia kwa wiki nzima. Kisha mkawa jirani mpaka ulipofumba macho.

Tangu hapo ukaichukua Kolwezi kana kwamba wewe ndiye uliyeibeba ukaiweka huku. Mgeni hakukaa kitini kabla hujamwuliza ametoka wapi. Likasi? "Aa, chini." Kamina? "Chini sana." Mwenzetu mmoja wa kanisani alikuja kutoka Kisenge, kule kwenye mgodi wa manganizi, akaeleza safari yake yote na wewe ukamsikiliza kwa heshima, halafu ukampa kiti cha jua ukisema, "Pole, umezoea chini, baridi itakushika." Na watu wa Lubumbashi waliokuja na viatu vyao vya kung'aa na maneno yao ya mji mkubwa! Uliwaacha wajivune mpaka washibe, ndipo ukawaambia kwamba Lubumbashi yao yote, na majumba yake, iko chini ya sakafu yetu. Tenke tu ndiyo uliyoiogopa, maana watu wanasema iko juu kuliko sisi. Mtu akiitaja Tenke ulikuwa unakumbuka ghafla kwamba umeacha kitu jikoni.

Nilikuwa nikiona ni mzaha. Sasa naona kwamba kila mji uliouweka chini yako ulikuwa umeuweka kati yako na yale maji.

Na mlima. Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho, na nyuma yake umesimama ule mlima mrefu wenye kichwa bapa. Hukulala siku nyingi kabla ya kuupanda. Ulilima huko mhogo na viazi vitamu, na mhogo wako ulikuwa mwembamba wa kutia huruma, ukasema udongo wa juu una majivuno. Uliokota mawe ya kijani ukayapanga kwenye njia ya mlangoni. Ulisema Mungu aliutengeneza mlima huo sawa na meza ili watu wa mtaa wapate pa kuweka wafu wao. Na kila uliposema hivyo Tata Kasongo, akiwa yupo, alikohoa. Miaka yote alikohoa, nasi tukasema ni vumbi la mgodi, ukamchemshia majani ya mkaratusi. Aliyanywa, maskini.

Kifua chako kilipokushinda, kiangazi cha mwaka juzi, hukuomba daktari mwingine wala padri mwingine. Ulinyoosha kidevu kwenye dirisha la jikoni. "Munizike pale juu. Maji isinifwate." Tukakuzika pale juu. Wabebaji walitweta, udongo uliteleza chini ya viatu vyao, jeneza likainama upande mmoja na mimi nikapiga kelele kama siku ya masikio. Vijana wa mtaa waliochimba kaburi walimaliza upesi, wakatoka bila jasho, mmoja akaniambia: "Ardhi iko laini, mama. Yaya alikuwa muntu muzuri." Nililia kwa fahari. Jinsi nilivyojivunia ule ulaini, Yaya!

Mwaka huu mvua zilipokatika vijana wa kampuni walikuja wakapiga rangi nyekundu kwenye mawe kuuzunguka mlima. Kisha tukaitwa uwanja wa kanisa. Yule aliyezungumza alikuwa na adabu, aliwasalimu wazee kwanza, na maneno yake hayakuwa mengi. Alisema ule si mlima. Ni rundo. Zamani, kabla ya mtaa wetu, mgodi ulikuwa ukitupa pale udongo usio na faida, lori juu ya lori, na nyasi zikaota, na miti, na watu wakaja wakakuta kilima. Sasa udongo ule uliotupwa una faida. Ndani yake kuna shaba na kobalti ambazo wazee wa wakati ule hawakuwa na haja nazo. Utaondolewa wote. Makaburi yatahamishwa kabla ya mvua, watatoa jeneza jipya na gari kwa kila familia, na makaburi mapya wameyapima, mahali tambarare, pazuri, pana nafasi.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Juu ya mlima hawakusema lolote.

Nilikwenda kuyaona makaburi mapya kwa miguu yangu. Ni kweli ni tambarare. Ni lile bonde la nyasi ndefu upande wa njia ya malori, ambako mvua ikikolea vyura wanaimba na magari ya watu yanakwama. Kiangazi pamekauka, ungeweza kucheza mpira. Lakini nilipokanyaga nikaona ardhi nyeusi iliyopasuka vipande vipande, na wewe ulinifundisha ardhi ya namna hiyo maana yake nini. Maji hutuama pale. Nikasimama katikati ya vigingi vyao nikajiuliza. Ulitoka chini, ukapanda treni, ukapambana na maharage na baridi maisha yako yote, na mwisho wake tukulaze ndani ya maji?

Nilirudi nikaenda moja kwa moja kwa Tata Kasongo. Sikutafuta shauri, nilitafuta mtu wa kulia naye. Nilimkuta ameketi uani, macho yake siku hizi hayaoni vizuri, ananitambua kwa mwendo. Nikamwaga yote: rangi nyekundu, rundo, bonde. Akakohoa. Na safari hii, Yaya, nilisikia kile kikohozi ni cha nini.

"Ile mulima, Mado," akasema, "ni miye nalimwanga na lori yangu."

Nilimwangalia. Mzee yule mwenye fimbo, aliyekuletea makala siku ya kwanza, aliyekubeba kwa bega lake bovu siku ya mwisho. Alisema alianza kazi akiwa kijana, na kazi yake ya kwanza ilikuwa hiyo, kupanda na kumwaga, kupanda na kumwaga, na juu walisawazisha ili malori yapate kugeuka. Meza yako ya Mungu ilikuwa ni uwanja wa kugeuzia malori.

Nilikasirika. Nikamwuliza kwa nini alinyamaza hata tulipokuwa tunapandisha jeneza. Akanijibu polepole, uso wake umeelekea upande wa mlima: "Alikuwa anafurahi. Mi ningemuambia nini? Alitoka mu maji. Nikasema, acha nimupe mulima."

Niliondoka bila kuaga, jambo ambalo ungenipigia kofi. Njiani hasira ikaanza kunipungukia bila ruhusa yangu. Nadhani alikupenda, Yaya. Nadhani wewe ulijua, na ukamchemshia mkaratusi.

Nyumbani nilimwambia Fistoni kwamba bondeni hatukupeleki, hata kampuni ije na jeneza la dhahabu. Akasema, "Basi tutafute juu ya kweli, mama mudogo." Ndivyo tulivyoanza kuzunguka na pikipiki yake, mimi nyuma na bidoni ya maji mapajani, yeye na mtaimbo ameufunga ubavuni, kama watu wanaokwenda kuiba.

Hujui Kolwezi ilivyo sasa. Palipokuwa na kilima pana shimo ambalo ukitupa jiwe husikii likifika, na palipokuwa tambarare pana kilima. Kila mwinuko nilioufurahia, Fistoni alitikisa kichwa. Hakuamini kitu mpaka achimbe. Alisema ardhi ya kuzaliwa hulala kwa mpango, nyekundu chini ya nyeusi, ngumu chini ya laini, lakini ardhi ya kutupwa imechanganyika kama nguo za mtu aliyefukuzwa. Kilima cha kwanza alitoa kipande cha tairi kirefu kama mkono. Cha pili kilikuwa ardhi ya kuzaliwa kweli, nikaanza kupiga vigelegele, lakini alipodunga mtaimbo palilia pakavu, tupu, na akanivuta nyuma kwa nguvu. Chini yake wenzake walikuwa wamepita na mashimo. Alidunga tena kidogo pembeni, akainama, akasikiliza.

Yaya, ni wewe mtupu. Hakuwahi kukuona na lile kasia, na bado aliinama kama wewe, sikio upande wa kushoto. Nilijifanya nafunga kiatu ili asione uso wangu.

Mahali tulipata kwenye njia ya Nzilo, mbali na mji, kabla nchi haijavunjika na kuanguka kwenye lile korongo la mto. Ni mgongo wa ardhi wenye miti yetu ya porini, mawe yake ya kijivu yamekaa toka enzi, na juu kabisa pana kichuguu kikubwa kuliko nyumba ya mtu. Fistoni alikizunguka kwa furaha kana kwamba ni jamaa yake. Kichuguu cha kiasi hicho, alisema, mchwa wamekijenga tangu kabla ya babu zetu, na hakuna lori lililowahi kumwaga kitu hapo. Alichimba: nyekundu chini ya nyeusi. Alidunga: pakaitika pazito. Mwenye shamba ni mjane, Mama Ilunga, mtu wa kaskazini kama sisi, Mprotestanti lakini ana moyo. Tulipomweleza alicheka akasema marehemu hali mhogo wa mtu, mleteni.

Nikafanya kile ulichokuwa ukifanya kila ulipoingia nyumba mpya au shamba jipya. Nikamwaga maji ya bidoni chini nikayaangalia yanakokwenda. "Maji haina bongo," ulikuwa ukisema, na kweli hayana uwongo. Yalisitasita, yakazunguka jiwe, kisha yakashuka upande wa korongo bila kuangalia nyuma. Fistoni akayafuata hatua chache akarudi. "Inaenda Lualaba," akasema.

Nilitaka kukataa. Nakwambia ukweli, nilishika bidoni nikasema twende, hapa si mahali. Lualaba ndiyo iliyomla mama, na wewe ulisema isikufuate. Fistoni akanitazama kama anavyonitazama nikikataa dawa. "Haimufwate, mama mudogo. Inamuacha. Yeye anabakia, maji njo inashuka."

Nikakaa chini ya kichuguu mpaka jua likahama. Kisha nikasema sawa.

Siku ya kukuhamisha, watu wa kampuni walileta jeneza dogo na gari, hilo hatukulikataa. Sitaki kusema mengi juu ya kaburi lilivyofunguliwa. Ulikuwa mdogo sana, Yaya. Hilo tu. Na udongo ulikuwa bado laini.

Nilikaa nyuma ya gari na wewe, mkono wangu juu ya kifuniko, nikafanya kama bamama wa kule chini walivyofanya wakati wa mafuriko, walipokimbiza mifupa ya watu wao kwa mitumbwi. Wewe ulinisimulia. Walikuwa wakiwaeleza wafu njia yote, sasa tunapita matete, sasa tunapita kwa fulani, ili wasipotee wakarudi kwenye maji. Nami nikakueleza. Nikakuambia hapa ni njia ya malori, funga pua, vumbi. Hapa tunashuka kidogo, usiogope, ni bonde tu, tutapanda sasa hivi. Hapa tunavuka daraja, usitazame chini. Hapa tunapanda. Bado tunapanda. Dereva alidhani namwomba Mungu, akazima redio yake. Tulipofika juu masikio yangu yalifunguka, Mungu ni shahidi, na sijui kama ni kweli au ni machozi, maana pale si mbali na mji na mwinuko wenyewe si mkubwa. Nikakuambia: Yaya, mlango umefunguka, tumeingia.

Tata Kasongo alikuwa amekuja, mbele karibu na dereva, na suti yake ya harusi za watu. Sikuwa nimezungumza naye tangu siku ile uani. Fistoni alipomaliza kukushusha, mzee akaomba sepeto. Nusu ya udongo ikamwagikia viatuni mwake, nusu ikakufikia. Akasema, si kwa sauti ya kusikiwa na watu, lakini nilikuwa karibu, nikamsikia akikutaja kwa jina lako: "Hii haitatoka, Godé." Nikamshika mkono nikamkalisha chini ya kichuguu. Tumesameheana, mimi na yeye, ingawa hakuna aliyeomba. Siku hizi nampelekea maharage, yale yaliyoiva.

Nakukosa. Nilidhani mlima ukiondoka nitakukosa kidogo zaidi na itakwisha, lakini si hivyo. Ulipokuwa pale nyuma nilikuwa nainua macho kutoka kwenye sufuria nakuona, nakugombeza kidogo, narudi kukoroga. Sasa nainua macho naona kitenge. Mteja mmoja kutoka Lubumbashi aliniambia juzi kwamba mji wao ni mkubwa kuliko huu, na mimi nikafungua mdomo kumjibu kama wewe, nikashindwa, nikaingia ndani nikalia juu ya gunia la makala. Nilipotoka nilikuwa mweusi usoni, akalipa upesi akaondoka.

Mvua bado inanyesha. Imetoka upande wa Nzilo, kwa hiyo imekuangukia wewe kwanza kabla ya kunifikia mimi. Nimekaa hapa na nimeifuata kwa mawazo tangu ilipoanza, na sasa nakuambia kile ambacho sikumwambia Fistoni pale chini ya kichuguu. Maji yaliyokugusa leo yanateremka korongoni. Bwawa la umeme litayachelewesha kidogo, kisha yataanguka, yatapita kwenye mawe, yatashuka njia yote tuliyopanda sisi na treni, yatafika Bukama yamechoka, na yatajilaza kwenye matete. Mama yuko mle. Tangu tulipomwacha hakuna mtu wake aliyemtumia kitu. Wewe uliapa hutashuka tena, na hukushuka. Sikulaumu. Lakini leo, Yaya, umemtumia maji.

Lala basi. Lala juu, mahali pa kweli, pasipozoleka. Usihofu juu ya Fistoni, ameacha mashimo kwa muda, anamlimia Mama Ilunga lile shamba ili asiwe mbali nawe. Mawe yako ya kijani nimeyatoa mlangoni, tumeyapanga kukuzunguka.

Na ahadi yangu ni hii. Mvua zikikatika na njia ikikauka, nitashuka. Nitafunga malewa, nitapanda gari lolote linalokwenda Bukama, na nitaenda mpaka kule kwenye tope letu. Nitaingia majini mpaka magotini kama wewe, lakini sitabeba kasia, maana sitamtafuta tena. Nitasema tu kwa sauti, mtu asikie asisikie: Mama, Godé anakusalimia. Yuko juu. Maji haya yametoka kwake.

Mdogo wako,
Mado